Helmeti Iliyookoa Mtu

Ijumaa, 1 Machi

Kosa la watu wengi ni kuamini kwamba kifaa kilichowahi kuokoa mtu ndicho cha kutegemewa. Husema kimeshapimwa. Kwa mtu hoja hiyo inaweza kusimama: daktari aliyekuponya jana, rudi kwake leo. Kwa helmeti haisimami. Helmeti ni njiti ya kiberiti. Ikiwaka imethibitisha uzima wake, na papo hapo imekwisha.

Nieleze mara moja. Chini ya gamba gumu la nje, nyuma ya kitambaa laini kinachogusa nywele, kuna povu gumu jeupe, ndugu wa lile linalokuja na televisheni mpya ndani ya boksi. Kazi ya povu hilo ni kufa. Kichwa kikigongwa, povu linapondeka ili ubongo usipondeke, na likishapondeka haliinuki tena. Gamba la nje linaweza kubaki linang'aa kama sahani ya mgeni. Anayekagua helmeti kwa kuitazama nje hakagui kitu. Anajitazama kwenye kioo.

Nilifundisha fizikia miaka thelathini na miwili. Tangu nistaafu, huu ni mwaka wa kumi na tisa nakaa kwenye meza ya ukaguzi ya klabu hii ya mbio za magari. Kila msimu nafungua daftari jipya kwa ajili ya atakayekikalia kiti hiki baada yangu. Simjui. Nikimfikiria, humfikiria kama mwanafunzi wa safu ya mbele.

Wewe usiyejulikana, ijue kwanza desturi ya hapa. Dereva akitoka mzima kwenye ajali, humpa helmeti yake dereva mchanga anayemkubali. Wanaita kurithishwa kichwa. Watu hupiga makofi, na aliyerithi hutembea siku hiyo kama bwana harusi. Dhidi ya desturi yao nina yangu: kilichokataliwa nakikata vipande viwili kwa msumeno wa chuma, siku hiyo hiyo, na mwenyewe nampa upande mmoja ashike. Wananiita Mchinjaji. Jina silikatai, wala sikatai kwamba kazi hiyo ina utamu wake.

Jumamosi, 2 Machi

Ukaguzi wa kufungua msimu. Nilipofika nilikuta ufagio umekaa kwenye kiti changu, umevalishwa miwani na koti. "Shikamoo Mwalimu," madereva wakauamkia mmoja mmoja. Niliusogeza, nikakaa, nikakata jozi tatu za glovu kabla ya saa nne.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

Jumamosi, 9 Machi

Mbio za kwanza. Yule bingwa wanayemwita Chuma amebingirika mara tatu kwenye kona ya nne. Gari lilitulia limelala kwa ubavu, magurudumu yanazunguka hewani. Nilihesabu hadi thelathini na moja kabla ya mkono kutokea dirishani. Akatoka, akavua helmeti yake ya njano, akaibusu. Uwanja mzima ulisimama.

Mimi sikusimama. Nilikuwa natazama upande wa kushoto wa helmeti, juu ya sikio, palipokuwa na alama ya rangi ya chuma cha gari. Ndogo, kama ukucha.

Jumatatu, 11 Machi

Nitaandika kwa urefu, kwa sababu leo nimefanya jambo nisilowahi kulifanya.

Chuma alileta vifaa vyake vyote asubuhi. Nilianza na mikanda. Mkanda mpya unapofungwa garini, mimi huuwekea alama za wino kila sentimita kumi. Leo kumi zilikuwa kumi na nusu, na karibu na kifungio kitambaa kilikuwa kimekakamaa na kung'aa kama kimepigwa pasi. Mkanda uliovutika hauwezi kuvutika tena. Mara ya pili hukatika. Tukaukata. Kiti kilikuwa na ufa chini ya paja, mahali ambapo bila kukipindua huuoni. Tukakikata. Kinga ya shingo, ufa mwembamba begani. Tukaikata. Ovaroli haikuona moto, nikamrudishia akaifue.

Chuma alishika upande wake kila mara bila kinyongo. Ana mikono mizito na meno mazuri.

"Mikanda kata, Mwalimu. Kiti kata. Ukitaka nikate na mimi nitoe supu. Helmeti tu niachie."

"Kwa nini?"

"Ina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake: mpwa wangu, binti pekee wa dada yangu. Anakimbiza gari kwa mwaka wa pili sasa, mwanamke peke yake kati ya madereva thelathini na mmoja. Wanamwita Sindano, kwa kuwa hupita mahali ambapo wengine wanaona hapapitiki. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, akiwa na miaka kumi na sita, na mimi ndiye niliyemfundisha kukagua. Angeweza kukaa kwenye kiti changu.

Nilivuta kitambaa cha ndani. Juu ya sikio la kushoto povu lilikuwa limebonyea, shimo la ukubwa wa tumbo la kijiko, na nyufa zimetoka pande zote kama ganda la yai. Nikamshika mpwa wangu kidole gumba, nikakiweka pale. Kikazama.

"Umeona?"

"Nimeona, Mjomba."

"Hii imekufa."

"Najua imekufa. Sitaivaa. Naiweka juu ya kabati." Kisha akasogea karibu ili Chuma asisikie. "Mjomba, miaka miwili hapa hakuna aliyenipa hata bisibisi. Wananisukuma njiani, wananizomea nikishuka. Leo nimepewa kichwa na Chuma mwenyewe mbele ya watu wote. Unataka nirudi nyumbani na nusu?"

"Mwache mzee," Chuma akasema, kumbe alisikia. "Ana wivu. Kichwa chake yeye hakuna anayekitaka."

Wote wawili wakacheka. Mpwa wangu alicheka huku ananitazama kwa macho ya kuomba radhi, na macho hayo ndiyo yaliyonishinda. Nilichukua kalamu nene ya wino mwekundu nikaandika juu ya povu lenyewe, IMEKATALIWA, na tarehe, na sahihi yangu. Kitambaa nikakirudisha. Msumeno ulibaki mezani.

Jumatano, 13 Machi

Dada yangu amepiga simu. Binti yake ameweka "kitu cha njano" juu ya kabati la vyombo, anakipangusa vumbi kabla ya kupiga mswaki. "Kaka, ni mzima huyu?" Nikamwambia ni mzima.

Jumamosi, 23 Machi

Sindano wa sita. Hajawahi kufika hapo. Aliposhuka, hakuna aliyezomea.

Alhamisi, 28 Machi

Nimeanza kumwona Chuma kwa jicho jingine. Amempa Sindano muda wake wa mazoezi, akasimama mvuani akimwonyesha kwa mkono mahali pa kuanza kukata kona. Niliwahi kumdhania kuwa ni kifua na meno tu.

Ijumaa, 12 Aprili

Amekuja dereva mmoja, mtu mzima mwenye mvi. Helmeti yake ilidondoka kutoka kwenye paa la gari hadi kwenye saruji. Akasema ilikuwa ya marehemu baba yake. Nilifungua kitambaa, nikaona ufa. Nikaikata. Alilia. Nilimwambia ashike vizuri, msumeno unateleza.

Jioni nilijiuliza kwa nini ya yule niliikata na ile ya njano sikuikata. Jibu nililipata upesi, nikaenda kulala nalo bila kuliandika. Naliandika sasa, alfajiri: yule si wa kwetu.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua siku ya tano. Stika za ukaguzi zinashikana kwenye karatasi.

Jumamosi, 20 Aprili

Sindano wa nne. Mwenyekiti wa klabu amemkumbatia mbele ya kamera.

Jumatatu, 29 Aprili

Mwenyekiti amenishauri niwe mwepesi. Anavaa saa mbili, moja kila mkono, na huzitazama zote mbili anapoongea nami.

"Mwalimu, ukaguzi wako unachukua asubuhi nzima. Watazamaji wanaondoka."

"Helmeti moja ni dakika sita, Mwenyekiti. Kutoa kitambaa, kubonyeza povu, kuvuta mkanda wa kidevu, kurudisha."

"Mara ijayo una saa moja. Zote."

Nikamfanyia hesabu kwenye karatasi. Hakuichukua.

Jumapili, 5 Mei

Nimemsaidia dada yangu kuhamisha kabati la vyombo. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Kimekwenda wapi kile cha njano?"

"Sijui. Labda amechoka kukipangusa."

Nilifurahi. Nilidhani amekua.

Ijumaa, 10 Mei

Ukaguzi wa mbio za tano. Mvua kubwa. Helmeti thelathini na moja, saa moja. Walinipangia meza chini ya turubai linalovuja, na madereva wakasimama mstari wakipiga makofi ya pamoja, pa, pa, pa, kunihimiza. Mmoja akaanzisha wimbo: "Mchinjaji, mbuzi wamezeeka, Mchinjaji!" Wote wakaitikia. Nimewahi kusimama mbele ya darasa la vijana sitini waliokula pilipili, lakini sijawahi kuharakishwa kama leo.

Ishirini na saba nilizifungua. Nne sikuzifungua. Tatu kati ya hizo zilitoka kwenye boksi mbele yangu. Ya nne ilikuwa ya mpwa wangu: nyeupe kama kikombe kipya, mstari wa bluu ubavuni, kitambaa cha ndani kikiwa na harufu ya gundi.

"Mpya hii?"

"Mpya, Mjomba."

Nikabandika stika.

Jumamosi, 11 Mei

Mbio zimekwisha kwangu saa tano na robo. Sindano ameanguka.

Jumapili, 12 Mei

Leo nina utulivu wa kuandika.

Haikuwa ajali ya kuitwa ajali. Ndilo jambo la kwanza ulijue. Mvua ilikuwa nyingi, magari yalikwenda kama yanasindikiza maiti, na gari la Sindano liliteleza tu kwenye kona ya pili, likaingia ubavu kwenye ukuta wa matairi. Tuf. Kama mtu anayefunga friji. Watazamaji walicheka. Jirani yangu alisema, "Mama kaenda kuegesha."

Akashuka mwenyewe. Akatembea hatua mbili, akakaa chini kwenye matope kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa asubiri. Nilifika pamoja na wasimamizi wa njia. Helmeti alikuwa ameivua, ameipakata.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

Akaelekeza kidole kwenye chupa ya maji niliyoshika. "Ufunguo," akasema.

"Unataka maji?"

"Ufunguo, Mjomba. Nipe ufunguo." Akakasirika kwa kuwa simwelewi. Kisha akatapika, kisha jicho moja likaacha kufuata jingine.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, helmeti ilibaki mikononi mwangu. Niliingia nayo chumba cha ukaguzi, nikafunga mlango. Nilivuta kitambaa. Hakikutoka, kilikuwa kimegundishwa. Ikabidi nikipasue kwa kisu. Chini yake lilikuwapo povu jeupe, na juu ya sikio la kushoto shimo, sasa si tumbo la kijiko bali kikombe, povu limekwisha hadi kwenye gamba. Na kando ya shimo kulikuwa na maandishi mekundu, mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. IMEKATALIWA. Tarehe. Sahihi.

Nje, stika yangu. Ndani, sahihi yangu.

Jumatatu, 13 Mei

Hospitali. Wamempasua. Ataishi. Upande wa kushoto wa ubongo ndiko yanakokaa maneno, daktari alieleza, na alieleza vizuri. Ningempa alama zote.

Dada yangu alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, mkoba magotini. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ungeikata siku ile, asingeivaa."

"Ndiyo."

"Watoto wa watu wote uliwakatia."

"Ndiyo."

"Wangu ndiye uliyemwonea huruma."

Nilitaka kushika mkono wake. Akauweka mkoba kati yetu.

Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda kwa mpaka rangi wa magari ya klabu, maana njano haiwi nyeupe yenyewe. Gereji yake iko nyuma ya uwanja: milango miwili ya bati, taa nzuri, harufu ya kulevya. Ni fundi kwelikweli, mkono wake hauachi hata tone. Mdogo wake, kijana anayeuza matairi hapo hapo mbele na anayetamani kuwa dereva, alinipa kiti.

"Ile ya njano nani aliileta?"

"Chuma na yule dada," mpaka rangi akasema huku akipiga msasa. "Chuma alisema: Mchinjaji ameandika tu, hakukata. Kisichokatwa hakijafa. Yule dada alisita kidogo. Chuma akamwambia, helmeti yako ya zamani inakubana, na hii imeshakaa kichwani mwa bingwa, unaogopa nini?"

"Na wewe uliona nilichoandika."

"Niliona wino."

"Ulisoma?"

"Mzee wangu, mimi ni mpaka rangi. Naletewa vitu nivipendezeshe. Ningekuwa nasoma kila kinachoandikwa kwenye vitu vya watu, ningekuwa wewe."

Mdogo wake alicheka. Akanisindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua imekata. Ardhi inatoa mvuke.

Jumanne, 21 Mei

Kikao cha klabu kuhusu ajali. Meza ndefu, glasi za maji zimefunikwa, watu saba. Mwenyekiti alifungua kwa kusema kwamba tumehuzunika, lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilitazama pande zote kuona kama kuna aliyeshtuka mpwa wangu kuitwa koleo. Hakuna.

Chuma aliitwa kwanza. Alivaa suti.

"Mimi nilimpa pambo," alisema. "Kama nimekupa picha ya simba ukaenda kulala kwenye tundu la simba, kosa langu ni nini?"

"Ulimpeleka kwa mpaka rangi."

"Nilimsindikiza. Ni dada yetu." Akanitazama usoni. "Na stika nani alibandika, Mwalimu? Mimi?"

Kisha ikawa zamu yangu. Mwenyekiti alizitazama saa zake zote mbili, akaongea nami kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Mwalimu, jambo ni jepesi. Ulimwuliza kama ni mpya?"

"Nilimwuliza."

"Akasema nini?"

"Akasema mpya."

"Ilikuwa mpya?"

"Haikuwa."

"Basi alikudanganya. Andika hivyo, mstari mmoja, utie sahihi. Kiti chako kinabaki, klabu inabaki, na yeye hakumbuki kitu. Hataumia."

Nifafanue, kwa sababu mtego huu na wewe utawekewa. Kila neno alilolisema lilikuwa kweli. Ukweli huo mmoja ungefunika mwingine wote, kama kile kitambaa cha gundi. Katika kumbukumbu za klabu, binti wa dada yangu angebaki kuwa mwongo aliyejivunja mwenyewe, na desturi ya kurithishana vichwa ingetoka mle chumbani bila doa. Na yeye hana neno hata moja la kujibu. Akitaka kusema "hapana" husema "jumanne".

Niliomba karatasi. Niliandika: Helmeti niliikataa tarehe 11 Machi. Sikuikata kwa sababu aliyepewa alikuwa mpwa wangu. Tarehe 10 Mei sikuifungua kwa sababu hiyo hiyo. Alisema mpya, kazi yangu ni kutoamini. Aliyeipeleka ikapakwe alijua. Aliyeipaka aliona. Desturi ya kurithisha helmeti iliyopata ajali ipigwe marufuku leo.

Mwenyekiti alisoma, akakunja karatasi mara nne, akaiweka mfukoni.

Uamuzi ulichukua muda wa kunywa glasi moja ya maji. Mimi nimeondolewa kwa uzembe niliokiri mwenyewe. Chuma ameonywa kwa mdomo. Kuhusu desturi, klabu itaunda kamati.

Jumapili, 2 Juni

Ameruhusiwa kurudi nyumbani. Dada yangu alinifungulia mlango bila kusema karibu, wala hakusema ondoka.

Kuna mwalimu wa matamshi anayekuja na kapu la vitu. Anainua kijiko. "Hiki nini?" Mpwa wangu anakunja uso. "Ndege." "Jaribu tena." "Ndege. Ndege!" Anajua kwamba siyo, hapo ndipo penye ukatili: sikio lake linasikia kosa ambalo mdomo wake hauwezi kulirekebisha. Mwalimu huyo akaomba nijaribu mimi, maana nimefundisha. Nikainua kikombe, nikaanza kumweleza kidogo kidogo kama nilivyozoea: kitu cha kunywea, kina mkono mmoja, unakiona kila asubuhi.

Akanipiga kofi. Kikombe kikavunjika. Dada yangu alikuja na ufagio, akafagia vipande kuzunguka miguu yangu bila kuniomba niisogeze.

Jumamosi, 8 Juni

Nimesikia redioni: Chuma amebingirika tena, ametoka mzima, na amemaliza kwa gari la akiba.

Alhamisi, 20 Juni

Sijaandika. Hakuna la kueleza.

Jumamosi, 29 Juni

Mbio za mwisho. Nilikata tiketi kama mtu yeyote, nikasimama kwenye uzio. Jua kali, vumbi. Mvua imesahaulika kana kwamba haikuwahi kunyesha.

Chuma amechukua ubingwa. Kwenye jukwaa alivishwa shada, kisha Mwenyekiti akashika kipaza sauti akasema leo kuna mgeni maalumu. Wakampandisha Sindano. Dada yangu alikuwa chini ya ngazi, amekunja mikono. Aliniambia baadaye kwamba walimwambia ni kwa ajili ya kumpa moyo mgonjwa. Walimvalisha fulana ya klabu na kofia ya kitambaa kufunika mshono.

Chuma alitoa helmeti yake, ile aliyobingirika nayo tarehe 8. Imepakwa upya, nyekundu, inameta. Akaiweka mikononi mwa mpwa wangu. "Mwaka huu," Mwenyekiti akatangaza, "kichwa cha bingwa kinarithishwa kwa mkono wa shujaa wetu!" Na aliyepanda kurithi alikuwa yule kijana muuza matairi, mdogo wake mpaka rangi. Amepata leseni mwezi huu.

Wakamwekea mpwa wangu kipaza sauti mdomoni. Aliitazama helmeti kwa muda mrefu. Niliona anatafuta. Midomo ilianza, ikaacha, ikaanza.

"Sufuria," akasema.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Walidhani ni utani. Chuma alicheka hadi akashika magoti. Na yeye, akiona watu wote wanafurahi, akacheka pia, akampa kijana sufuria lake, akapiga makofi.

Nilimngoja kijana kwenye geti la kutokea. Nilimweleza kwa utaratibu: povu, kidole gumba, nyufa, njiti ya kiberiti. Alinisikiliza huku ameikumbatia kifuani, wala hakunikatiza.

"Nimekuelewa, Mzee," akasema mwishoni. "Ila nasikia ni wewe uliyempitishia yule dada."

"Ni mimi."

"Basi," akasema kwa upole, akaenda zake.

Jumatatu, 1 Julai

Wamemteua mkaguzi mpya. Mwenyekiti amesema anahitajika mtu mwenye jicho na mkono mwepesi. Ni mpaka rangi.

Kumbe ni wewe. Miezi minne nimekuandikia bila kujua jina lako, nikakuweka safu ya mbele, na siku ile nilikuwa nimekaa gerejini kwako. Saa nne utakuja kuchukua funguo, taa ya mkononi, kalamu nyekundu na msumeno. Daftari hili nitaliweka juu ya vyote. Najua unasoma. Ulisoma na siku ile.

Mengine yote humu unaweza kuyasoma pole pole. Hili usilingoje. Leo, kabla ya kubandika stika hata moja, pasua kitambaa cha ndani cha helmeti ya mdogo wako, ubonyeze povu kwa kidole gumba.